DAWA HII NI YA FUNGU GANI? TUSOME CHUPA KABLA YA KUIFUNGUA

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wakulima na wahitimu wa kisomo cha watu wazima wa Vuga, Milima ya Usambara.



Leo hatukuja kuhimizana kulima. Kulima tunajua. Kabichi, nyanya, karoti, hoho na viazi vya milima hii vinaliwa Tanga na Dar es Salaam. Kila mwenye bonde lenye maji anajua kazi yake. Leo tunataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachokaa ndani ya chupa. Ni maji maji ya viwandani tunayonunua dukani, tunayachanganya na maji ya kijito, tunayabeba mgongoni na kuyapuliza kwenye mboga.

Maji hayo tunayaita nini? Tunayaita "dawa". "Leo napiga dawa." "Mama, dawa ya baba iko wapi?" Hebu tulifikirie neno hilo. Dawa ya malaria ni dawa. Dawa ya kikohozi ni dawa. Na hii ya kuua viwavi, nayo ni dawa! Mtoto wa miaka mitatu anasikia neno moja tu. Anajua kuwa dawa hunywewa, na mama humwambia kunywa dawa ni vizuri. Basi kazi ya kwanza ya leo ni kukubaliana kuwa kitu hiki jina lake la haki ni sumu. Sumu yenye faida shambani, lakini sumu.

Na sumu hazilingani. Kuna kali na kuna kali zaidi. Kuna inayoua leo, na kuna inayoumiza baada ya miaka. Tutazipangaje? Hilo ndilo somo letu.

PUA SI KIPIMO

Wengi wetu tuna njia zetu za kupanga sumu. Mmoja husema, "Hii inanuka sana, basi ni kali." Mwingine husema, "Hii haina harufu, haina neno." Mwingine anatazama wadudu. Wakifa upesi, dawa kali. Wakichelewa, dawa baridi.

Njia hizi zinadanganya. Harufu mara nyingi ni ya mafuta ambamo sumu imeyeyushwa, wala si ya sumu yenyewe. Na dawa inayomwangusha mdudu upesi si lazima iwe ndiyo inayomwangusha mtu.

Tuchukue mfano wa jirani zetu. Mwezi Mei 2014, nchini Kenya, makumi ya watu walikufa kwa kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Wengine walipofuka macho. Methanoli ni maji maji ya viwandani, hutumika kutengenezea rangi, gundi na vitu vingine. Ukiitazama ni nyeupe kama maji. Harufu yake inafanana na ya pombe. Waliokunywa walikuwa na macho, pua na ulimi kama sisi. Havikuwasaidia.

Kwa hiyo jicho, pua na ulimi si vipimo vya sumu. Kipimo ni maandishi. Na sisi hapa ni watu tuliojifunza kusoma.

MAFUNGU YA RANGI

Mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani lilikubali utaratibu wa kupanga dawa za kuulia wadudu na magugu kwa ukali wake. Wataalamu hupima kwa panya. Hutafuta ni kiasi gani cha sumu, kwa kila kilo moja ya uzito wa mwili, kinachoua nusu ya panya waliopewa. Kiasi kikiwa kidogo, maana yake sumu ni kali. Kiasi kikiwa kikubwa, sumu si kali sana.

Ili hata asiyejua kusoma apate kujua, ukanda wa rangi huwekwa chini ya karatasi ya chupa. Rangi ni nne:

Nyekundu: sumu kali sana na sumu kali. Haya ni mafungu mawili yenye rangi moja.

Njano: sumu ya ukali wa kati.

Buluu: sumu yenye ukali mdogo.

Kijani: haitazamiwi kuleta madhara ya ghafula ikitumiwa kama ilivyoelezwa.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana hesabu nayo tulijifunza. Fungu la kwanza la nyekundu ni chini ya miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili. Mtu mzima wa kilo 60: mara 60, tunapata miligramu 300. Hayo ni matone machache tu. Fungu la pili la nyekundu ni kuanzia miligramu 5 mpaka 50. Kwa mtu huyo ni mpaka gramu 3, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kijiko cha chai.

Tuje kwenye njano. Njano ni kuanzia miligramu 50 mpaka 2,000. Kwa mtu huyo wa kilo 60 ni kuanzia gramu 3 mpaka gramu 120. Mmeona? Fungu moja, rangi moja, lakini linaanzia nusu ya kijiko cha chai na kufika karibu nusu ya glasi! Ndiyo maana hatuwezi kusema, "Hii ni njano tu." Dawa nyingi za maji zinazopigwa kwenye nyanya na kabichi, kama profenofosi na klorpirifosi, ziko humo kwenye njano.

Tena tumepiga hesabu ya mtu mzima. Mtoto wa kilo 12 je? Miligramu 50 mara 12 ni miligramu 600. Si hata robo ya kijiko cha chai. Njano ya baba inaweza kuwa nyekundu ya mtoto.

Jambo jingine. Mtu si panya. Hesabu hii inatusaidia kulinganisha sumu moja na nyingine, haituambii kiasi ambacho mtu anaweza kunywa akapona. Tena hesabu ni ya sumu halisi. Chupa huandikwa ina gramu ngapi za sumu halisi katika kila lita. Moja inaweza kuandikwa gramu 50, nyingine gramu 720. Tusome namba hiyo. Chupa mbili zinaweza kufanana kwa ukubwa, lakini moja ina sumu nyingi zaidi ndani yake.

RANGI HAISEMI YOTE

Sasa mtu atasema, "Basi nimeelewa. Nitatazama rangi, yamekwisha." Hapana, ndugu. Ukanda wa rangi unajibu swali moja tu: je, sumu hii inaua upesi kiasi gani? Yako maswali mengine.

Swali la kwanza: je, ina kinga au tiba? Iko dawa ya maji ya kuua magugu iitwayo parakwati. Kwa hesabu ya panya imewekwa kwenye njano. Lakini mtu akimeza funda moja la parakwati ambayo haijachanganywa na maji, mara nyingi hufa. Wakati mwingine hafi siku hiyo. Anaweza kukaa siku kadhaa akiwa na akili zake timamu huku mapafu yanaharibika. Dawa ya kuizima haipo. Nchi nyingi zimeipiga marufuku. Rangi yake ni ileile ya njano.

Swali la pili: inaingilia wapi? Wengi wetu tunaogopa mdomo tu. Kumbe shambani mlango mkubwa ni ngozi. Bomba linavuja, mgongo unalowa, jasho linatoka, na sumu inapita taratibu bila maumivu. Penye kidonda au mchubuko hupita upesi zaidi. Dawa za maji zilizoyeyushwa katika mafuta hupenya ngozi kuliko za unga.

Swali la tatu: inaumiza polepole? Sumu nyingine haikuangushi leo. Huharibu ini, au mishipa ya fahamu, au mimba, au huleta saratani baada ya miaka. Nyingine hukaa ardhini muda mrefu. Kule Vikuge, Mkoa wa Pwani, shehena ya dawa za mashamba iliyoletwa kutoka nje mwaka 1986 iliwekwa bandani. Banda likaharibika, dawa ikamwagika. Miaka mingi baadaye wachunguzi waliopima udongo wa pale walikuta DDT ingali imo.

Swali la nne: inadhuru nini kingine? Dawa kama sipametrini, kwa mtu si kali kama zile za nyekundu. Lakini kwa samaki na nyuki ni balaa. Sisi tunakaa juu. Maji ya milima hii huteremka mpaka Mombo, ambako wenzetu wanalima mpunga. Tukioshea bomba kijitoni, tunachokiosha hakipotei. Kinawafuata walio chini yetu.

Swali la tano: inawaka? Dawa nyingi za maji zimeyeyushwa katika mafuta yanayoshika moto. Kuziweka jikoni karibu na mafiga ni kualika hatari mbili kwa mara moja.

Maswali haya nayo yana alama zake, na sasa nchi nyingi za dunia zinatumia alama za namna moja. Ni mraba uliosimama kwa pembe, wenye ukingo mwekundu, na picha ndani yake. Fuvu la kichwa na mifupa miwili: inaua. Alama ya mshangao: inadhuru au inawasha. Mtu mwenye kitu kama nyota kifuani: inaumiza polepole. Maji yanayodondokea mkono na kuula: inaunguza ngozi na macho. Moto: inawaka. Mti mkavu na samaki aliyekufa: inadhuru maji na viumbe. Chupa moja inaweza kuwa na alama tatu au nne. Zote zisomwe. Moja haifuti nyingine.

HATARI INAZIDI SAA NGAPI?

Kwa mfano, karatasi imesema mililita 20 kwa bomba la lita 20. Lita 20 ni mililita 20,000. Gawanya kwa 20, tunapata 1,000. Yaani ndani ya bomba sumu imepunguzwa mara elfu moja. Basi tone moja linalokuangukia mkononi wakati wa kupima ni sawa na matone elfu ya ile unayopuliza.

Kumbe saa ya hatari kubwa ni ile dakika ya kufungua chupa na kupima. Mtu anavaa koti na buti anapoanza kupuliza, lakini wakati wa kupima alikuwa mikono mitupu, mtoto amesimama pembeni akitazama. Tugeuze. Tuvae kabla ya kufungua chupa. Glavu ziwe za mpira. Kitambaa kinanyonya sumu na kuibana kwenye ngozi. Tukorogee kwa kijiti, si kwa mkono.

Tena kuna jambo ambalo watu hawalijui. Dawa kama profenofosi huua mdudu kwa kuharibu mishipa ya fahamu. Katika mwili wetu kuna kitu kinachozima habari ya mshipa ikishafika. Sumu hii inakizuia kitu hicho, na mishipa inaendelea kupiga kelele bila kunyamaza. Mwili huchukua majuma kadhaa kujitengeneza. Kwa hiyo mtu aliyepiga dawa Jumatatu, akapiga tena Jumatano, anaweza kuanguka Ijumaa kwa kiasi kilekile. Wenzake watasema, "Mbona juzi alipiga na hakuumwa?" Juzi ndiyo iliyomdhoofisha.

CHUPA YA SODA

Sasa tuingie kwenye jambo lililotufanya tuwaiteni.

Yote tuliyosema, rangi, alama na namba, yako kwenye karatasi ya chupa ya kiwandani. Lakini wengi wetu tuna vishamba vidogo. Lita nzima ni ghali. Mtu anakwenda sokoni, anaulizwa, "Mzee, nikupimie ya shilingi ngapi?" Anapimiwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Karatasi inabaki kwa muuzaji, sumu inakwenda nyumbani kwetu.

Chupa hiyo inasema nini? Inasema soda! Mtoto hakukosea kusoma. Amesoma vizuri kabisa. Chupa ndiyo iliyomdanganya. Hata sisi tuliohitimu kisomo, tumefanywa tena wasiojua kusoma, kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Na mgonjwa akifikishwa hospitali, mganga akiuliza, "Amekunywa nini?" jibu ni, "Dawa ya nyanya." Dawa za nyanya ni nyingi, na matibabu yake si mamoja.

Sumu isiyo na jina ni lazima ihesabiwe kuwa ya fungu la hatari kuliko zote. Hiyo ndiyo kanuni tunayowaomba mwondoke nayo. Kisichoandikwa, kihesabu chekundu. Usikinunue. Kikiwa tayari kipo nyumbani, usikifungue, usikinuse, usikimwage kijitoni. Kifungie mbali na watoto, umwite bwana shamba.

Nchi yetu ina vyombo vya kazi hii. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake Arusha. Dawa ya mashamba inatakiwa iandikishwe huko kabla ya kuuzwa. Kemikali nyingine za viwandani na za majumbani zina sheria yake ya mwaka 2003, iliyo chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Basi unapoomba kuona karatasi ya chupa humsumbui muuzaji. Unadai haki yako.

MTU AKIPATWA

Dalili za sumu hizi za mishipa ya fahamu ni jasho jingi, mate kutoka, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli kutetemeka, kifua kubana. Ukiona hayo kwa mtu aliyepiga dawa, usiseme ni malaria.

Mtoe penye sumu. Mvue nguo zote zilizolowa. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni, na wewe ujikinge mikono. Ikiwa imeingia machoni, osha kwa maji safi kwa dakika 15 au zaidi. Aliyemeza usimlazimishe kutapika, maana mafuta yale yanaweza kuingia mapafuni. Maziwa je? Watu wengi wanaamini maziwa yanaua sumu. Hayaui. Yanatuchelewesha tu. Mkimbize hospitali, iwe Bumbuli, Lushoto au kituo kilicho karibu, na chukua chupa yenye karatasi yake. Hospitali wana sindano ya atropini inayosaidia kwa sumu za namna hii, lakini ni lazima wajue ni namna gani.

TUFANYE NINI HAPA VUGA?

Kusema "msinunue za kupimiwa" ni rahisi. Mwenye robo eka atafanyaje? Njia ipo, nayo ni umoja. Wakulima watano au sita wa bonde moja wachange, wanunue chupa moja nzima kwenye duka la pembejeo lenye kibali. Lakini wasigawane kwenye vichupa! Wakigawana, wamerudia shida ileile. Chupa ikae mahali pamoja, ndani ya sanduku lenye kufuli, na mtu mmoja aliyefundishwa awe mpimaji. Siku ya kupiga dawa kila mmoja alete bomba lake, apimiwe moja kwa moja ndani ya bomba. Chupa ikiisha, isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yatiwe kwenye bomba, kisha chupa itobolewe isiweze kutumika tena.

Ndugu zangu, jina la Vuga linajulikana kwa vitabu. Kwa miaka mingi vitabu vya Kiswahili vilipigwa chapa katika kiwanda cha Misioni ya Vuga, vikasomwa na watu wa mbali ambao hawajaiona milima hii. Itakuwa aibu gani mahali palipowapa wengine maandishi pashindwe kusoma maandishi madogo ya kwenye chupa! Kisomo si cheti cha kutundika ukutani. Kama maandishi yanaweza kumwokoa mtoto mmoja katika kitongoji kimoja, basi jioni zile za taa ya chemli na ubao hazikupotea bure.

Kesho asubuhi, kabla ya kwenda shamba, kila mmoja wetu akague nyumba yake: darini, chini ya kitanda, nyuma ya mlango. Atazame chupa zilizopo. Ajiulize: hii ni ya fungu gani? Akikosa jibu, jibu lake tumeshalitaja.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini harufu haiwezi kutuonyesha ukali wa sumu?

2. Ukanda wa njano una maana gani? Piga hesabu ya miligramu 50 kwa kila kilo, kwa mtoto wa kilo 15.

3. Taja hatari tatu ambazo ukanda wa rangi hauzionyeshi.

4. Katika bonde lenu, ni wakulima gani wanaoweza kuungana kununua chupa moja? Nani atakuwa mpimaji, na sanduku litakaa wapi?